Hans Spemann na siri iliyofichwa ndani ya yai

Hapana mtoto wa pwani aliyekaa chuoni juu ya mkeka, ubao mkononi, ambaye hakufunzwa kwamba mwanadamu huumbwa kwa daraja, hatua baada ya hatua, na kwamba mwanzo wake ni tone dogo lisilo na sura. Jambo hilo twalijua tangu utotoni, na twalikariri. Walakini ni wachache katika sisi waliokaa wakajiuliza swali linalofuata: katika tone hilo, ambalo halina jicho wala mkono, sehemu hii yajuaje kwamba itakuwa jicho, na ile ya pili yake yajuaje kwamba itakuwa ngozi?

Leo, mpenzi msomaji, tutamtazama mtu aliyelishika swali hilo akakaa nalo kwa muda wa miaka arubaini na zaidi. Alikuwa Mjerumani, jina lake Hans Spemann. Na kwa kuwa haki haigawanywi kwa ukubwa wa jina, tutamtazama pia msichana mmoja mwanafunzi wake, ambaye mikono yake ndiyo iliyofanya kazi iliyomletea mwalimu sifa ya dunia.

KIJANA WA DUKA LA VITABU

Spemann alizaliwa tarehe 27 Juni 1869 katika mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Babake, Wilhelm Spemann, alikuwa mchapishaji wa vitabu, na Hans alikuwa mwanawe wa kwanza. Ada ya wafanyi biashara ni moja duniani kote: mwana wa kwanza hutazamiwa kushika duka. Basi alipomaliza shule mwaka 1888 alikaa mwaka mzima katika kazi ya babake, akaenda kutumikia jeshi la wapanda farasi, kisha akarudi tena kwenye vitabu.

Moyo wake haukutulia. Mwaka 1891, naye ana umri wa miaka 22, aliingia Chuo Kikuu cha Heidelberg kusomea udaktari. Huko alipata kujuana na mtafiti Gustav Wolff, aliyekuwa akichunguza ajabu moja: salamanda wa majini, yule mnyama mdogo mwenye umbo la mjusi lakini jamaa ya vyura, akitolewa lenzi ya jicho huotesha nyingine. Jambo hilo halikumtoka Spemann akilini.

Kutoka hapo alikwenda Munich, kisha Würzburg. Udaktari wa kutibu wagonjwa akauacha, akashika elimu ya wanyama. Walimu wake walikuwa vigogo: Theodor Boveri katika elimu ya chembe hai, na katika fizikia Wilhelm Röntgen, ndiye aliyegundua miale ya eksirei mwaka 1895. Mwaka huo huo Spemann alipata shahada yake.

Kisha ukaja mtihani. Alishikwa na kifua kikuu, maradhi ambayo zama hizo hayakuwa na dawa ila mapumziko na hewa safi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1896 alikuwa ametengwa katika nyumba ya wagonjwa, hana la kufanya. Akachukua kitabu cha mtaalamu August Weismann juu ya mbegu na urithi, akakisoma. Aliponyanyuka kitandani alikuwa ameshapata kazi ya umri wake.

UGOMVI WA MIRATHI

Ili tufahamu alichokisoma, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Tangu kale wataalamu wa elimu ya uzazi walikuwa makundi mawili. Kundi moja lilisema mtu mzima yumo tayari ndani ya mbegu, mdogo mno, na kazi iliyobaki ni kukunjuka na kukua. Mwaka 1694 Mholanzi Nicolaas Hartsoeker alichora picha ya kijitu kilichojikunyata ndani ya mbegu ya kiume. Kundi la pili, likimfuata Aristotle aliyekuwa akivunja mayai ya kuku ya siku mbalimbali na kutazama, lilisema la: viungo huundwa kimoja baada ya kimoja kutokana na kitu kisichokuwa na umbo.

Hadubini zilipokuwa nzuri, kijitu kile hakikuonekana. Lakini Weismann alileta rai ile kwa vazi jipya. Alisema yai linapojigawa, urithi wote uliomo ndani yake hugawanywa pia. Ni kama mirathi ya marehemu: huyu apata shamba, yule apata nyumba, wa tatu apata dau. Aliyepata fungu la jicho atakuwa jicho, wala hawezi kuwa kingine, kwa sababu hana hati ya kingine.

Mwaka 1888 Wilhelm Roux alikuwa amechukua yai la chura lililokwisha kujigawa mara moja, akaiua chembe moja kwa sindano ya moto. Ile iliyobaki ikatoa nusu ya kiluwiluwi. Watu wakasema Weismann kweli. Kisha mwaka 1891 Hans Driesch akazitenga chembe mbili za mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, jamaa ya wale tunaochelea kuwakanyaga maji yakipwa. Kila chembe ikatoa mnyama kamili, mdogo kwa kimo lakini mzima. Watu wakataharuki. Majaribio mawili, majibu mawili.

UNYWELE WA MTOTO MCHANGA

Spemann hakuingia katika ugomvi huu kwa maneno. Aliingia na unywele.

Yai la salamanda ni dogo, kiasi cha milimeta mbili. Kisu gani kitalikata bila ya kulivuruga? Spemann alichukua unywele wa mtoto wake mchanga, laini kuliko uzi wowote, akafanya kitanzi, akalifunga yai pale chembe mbili za kwanza zinapokutana. Vyombo vyake vingine alivitengeneza kwa mkono wake mwenyewe: sindano za kioo zilizovutwa kwa moto hadi ncha ikawa haionekani, na vipande vya kioo vya kukandamiza kidonda kidogo mpaka kishikane. Maabara yake haikuwa na mitambo ya fahari. Ilikuwa na subira na mkono usiotetemeka.

Alipokaza kitanzi sana, lile yai moja lilitoa pacha wawili kamili. Alipokilegeza, alipata mnyama mmoja mwenye vichwa viwili. Hapo ikafahamika jinsi pacha walioungana wanavyoweza kutokea.

Lakini mara nyingine, kitanzi kikipita upande mwingine, upande mmoja ulitoa mnyama mzima na wa pili ukatoa donge tu: lina chembe za utumbo na za ini, lakini halina kichwa, halina mgongo, halina uti. Spemann aliliita pande la tumbo. Kwa nini nusu hii ipate kila kitu, na ile ikose? Bila shaka palikuwa na kitu upande mmoja ambacho upande wa pili hakikuwako.

Alifanya na jingine. Alilifunga yai kabla halijajigawa, ili kiini chake kibaki upande mmoja. Upande huo ukaendelea kujigawa, wa pili ukakaa kimya. Kiini kilipokwisha kugawanyika mara kadhaa, alikiachia kimoja kipenye kwenye upande uliolala. Nao ukaamka, ukatoa mnyama kamili, aliyechelewa tu kidogo kuliko ndugu yake. Basi kiini kile, baada ya kugawanywa mara zote hizo, kilikuwa hakijapoteza kitu. Kila mrithi alikuwa ameshika nakala ya hati nzima. Weismann, katika hilo, alikosea.

JICHO LAITA LENZI

Mwaka 1901 Spemann alitoa habari za jaribio jingine. Jicho hutokana na sehemu mbili: kikombe kinachochomoza kutoka kwenye ubongo, na ngozi ya juu inayogeuka lenzi pale kikombe kinapoigusa. Spemann alikiunguza kikombe kabla hakijachomoza. Lenzi haikutokea. Ngozi ile, bila ya kuguswa na mwenzake, ilibaki ngozi.

Kwa hivyo viungo havijijengi kila kimoja peke yake. Huitana. Huyu humwambia yule: nimefika, nawe geuka. Na tulisifu hili kwake: alipojaribu kwa chura wa aina nyingine akaona lenzi yatokea hata bila ya kikombe, hakulificha. Aliliandika, ingawa lilimharibia usafi wa rai yake.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Mwaka 1908 alipewa uprofesa katika mji wa Rostock, na mwaka 1914 akaitwa Berlin katika taasisi ya elimu ya viumbe. Huko, vita vikuu vikinguruma nje, yeye aliendelea kuhamisha vipande vya salamanda. Alichukua kipande kidogo ambacho kwa kawaida kingekuwa ngozi ya tumbo, akakipandikiza mahali pa kuwa ubongo. Na cha ubongo akakipeleka kwenye ngozi.

Jawabu lilitegemea umri. Vipande vilipohamishwa mapema vilifuata mila za ugenini: cha ngozi kikawa ubongo, na cha ubongo kikawa ngozi. Vilipohamishwa kwa kuchelewa, hata kwa muda mchache tu, vilishikilia asili yao, na ubongo ukaota tumboni pasipo maana. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Chembe za mwili nazo zina ubichi wake, na zina saa ya kukauka.

Lakini palikuwa na kipande kimoja ambacho, hata kikihamishwa mapema, hakikufuata mila ya mtu. Mimba ya salamanda inapofika hatua fulani huwa kama mpira mtupu, na mahali pamoja chembe huanza kuzama ndani kupitia kitundu. Mdomo wa juu wa kitundu hicho ndio kaidi tunayemsema. Ulipopandikizwa pengine, ulitokeza mgongo wa pili. Lakini je, mgongo huo ulijengwa na mgeni, ama na wenyeji waliotiishwa na mgeni? Kwa kuwa chembe zote zilikuwa za rangi moja, haikuwezekana kujua.

BINTI WA GOTHA

Mwaka 1919 Spemann alihamia Chuo Kikuu cha Freiburg. Mwaka uliofuata akafika mwanafunzi mmoja msichana, Hilde Proescholdt, aliyezaliwa mwaka 1898 katika mji wa Gotha. Alikuwa amemsikia Spemann akihutubu Frankfurt, akaamua kumfuata.

Mwanzo alipewa kazi ngumu juu ya kijinyama cha maji matamu kiitwacho haidra, nayo haikufaulu. Ndipo mwalimu akampa jaribio la mdomo wa kitundu. Hila ilikuwa katika rangi: kipande kitoke kwa salamanda wa aina nyeupe, kipandikizwe kwa salamanda wa aina nyeusi. Hapo kila chembe itajulikana ukoo wake.

Hilde alianza mwaka 1921, na mwaka huo huo akaolewa na Otto Mangold, msaidizi wa Spemann. Salamanda hutaga majira ya kuchipua tu, kwa hivyo kazi yote ilibanwa katika majuma machache ya mwaka. Dawa za kuua vijidudu hazikuwako. Alipasua mimba kwa mamia, na karibu zote zikafa. Zilizobaki na kufikia hatua ya kuaminika zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

Lakini hizo chache zilitosha. Ubavuni mwa mnyama mweusi palitokea mnyama wa pili, ana ubongo, ana uti, ana masikio yanayoanza. Hilde alipomkata vipande vyembamba na kumtazama kwa hadubini, aliona kwamba chembe nyeupe zilikuwa chache, nyingi zikiwa katika uti wa ndani. Ubongo na sehemu nyingi nyingine zilikuwa nyeusi. Yaani wenyeji, ambao wangekuwa ngozi ya tumbo tu, walipangwa upya na kipande kidogo cha ugenini, wakajenga mwili.

Spemann alikiita kipande hicho mpangaji. Ni kama fundi mkuu anayeshuka kwenye kiwanja cha watu asiowajua: hachukui jiwe hata moja, lakini jioni nyumba imesimama.

JINA LA KWANZA KATIKA KARATASI

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Kazi hiyo ilikuwa tasnifu ya Hilde ya udaktari. Wanafunzi wenzake walichapa tasnifu zao kwa majina yao wenyewe. Ya Hilde ilipochapwa mwaka 1924, jina la Spemann lilitiwa ndani, na likatiwa mbele. Mwenzake wa masomo, Viktor Hamburger, alieleza baadaye kwamba bibi huyo hakuridhika.

Tusimdhulumu mwalimu. Fikira ilikuwa yake, njia ilikuwa yake, na miaka zaidi ya ishirini ya kutafuta ilikuwa yake. Lakini mikono, macho, na zile mimba zilizokufa moja moja, vilikuwa vya Hilde.

Mwaka huo huo wa 1924 Hilde alihamia Berlin pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga. Mwezi wa Septemba chombo cha gesi kililipuka jikoni mwake. Moto ulimshika, akafa kwa majeraha, naye hajatimiza miaka 26. Hakuwahi kuona dunia ikiishangilia kazi yake.

Mwaka 1935 Hans Spemann alipewa Tuzo ya Nobel, peke yake. Tuzo hiyo hawapewi waliokufa.

Nchi yake wakati huo ilikuwa imeingia giza. Hamburger, kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, alipoteza kazi yake Freiburg mwaka 1933 ilhali yuko Marekani kwa masomo, akabaki huko huko. Elimu ya Spemann ikasafiri pamoja naye. Mwalimu mwenyewe alifariki Septemba 1941 nyumbani kwake karibu na Freiburg, akiwa na umri wa miaka 72.

MPANGAJI ALISEMA NINI?

Aliliacha fumbo. Mwaka 1932 yeye na wenzake waligundua kwamba hata mpangaji aliyekufa, aliyechemshwa, aliweza kuwaamsha wenyeji. Basi palikuwa na dawa fulani ndani yake. Watafiti wakaikimbilia, lakini wakakuta kwamba vitu vingi ovyo, hata rangi za dukani, viliweza kufanya kazi hiyo. Njia ikapotea kwa miaka mingi.

Ilifumbuliwa miaka ya 1990, na aliyesaidia alikuwa mzaliwa wa bara letu: chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika, ambaye hukaa vizuri maabara na hutaga wakati wowote atakapo mtafiti. Mwaka 1992 Richard Harland na William Smith huko California walitangaza protini waliyoiita nogini, na mwaka 1994 kundi la Eddy De Robertis likatangaza nyingine, kodini. Zote mbili hutolewa na mpangaji.

Na kazi yake ndiyo ajabu. Chembe zote za eneo lile husikia amri moja: kuweni ngozi. Mpangaji haji na amri mpya. Huja akaiziba ile ya kwanza. Chembe zilizo karibu naye, zikisha kuacha kuisikia, hugeuka ubongo, kwa kuwa uwezo huo ulikuwa ndani yao tangu mwanzo. Huenda vitu vile vingi vya ovyo viliizuia amri hiyo kwa bahati tu, na ndiyo sababu wa zamani walichanganyikiwa.

Spemann aliacha na wasia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1938 alipendekeza kuwa kiini cha chembe kubwa kitiwe ndani ya yai lililotolewa kiini chake, ionekane kama mnyama mzima atatokea. Yeye aliliona jambo la kubuni tu. Mwaka 1952 Robert Briggs na Thomas King walifaulu kwa vyura kwa viini vya mimba changa, na mwaka 1996 akazaliwa Scotland yule kondoo Dolly, kutokana na kiini cha chembe ya kiwele cha kondoo mzima.

Wako watakaouliza, je, elimu hii yapunguza chochote katika tulichofunzwa chuoni? Jawabu letu ni kwamba Kitabu hakikungojea maabara ya Freiburg kithibitike, wala maabara haikudai kazi ya Muumba. Mwenye kujua jinsi jahazi lilivyoungwa, ubao kwa ubao, hamvunjii heshima fundi. Humzidishia.

Kilichobaki ni haki ya mja kwa mja. Kwa miaka mingi vitabu viliandika mpangaji wa Spemann, basi. Siku hizi wataalamu wengi wa elimu hii huandika mpangaji wa Spemann na Mangold. Ni neno moja tu lililoongezwa, na limechelewa sana kwa mwenyewe kulisikia. Lakini wahenga hawakukosea: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.